Tumelipa Mwezi Mzima, Tupewe Mwezi Mzima



Katika miji yetu kuna neno moja linalosemwa kila jioni, nyumba kwa nyumba, bila hasira wala mshangao: «Mtandao umekwenda.» Mvua ikinyesha tunasema mvua imenyesha, giza likiingia tunasema giza limeingia, na intaneti ya nyumbani, tuliyoilipia tangu tarehe mosi, ikizimika baada ya jua kuchwa, tunasema umekwenda, kama ndege aliyeruka kutoka tawini. Hakuna anayeuliza umekwenda wapi, nani ameupeleka, wala utarudi lini. Baba anaizima modemu na kuiwasha tena mara tatu, kijana anafunga kompyuta, mama anasema tusubiri, na nyumba inalala.

Sisi tulio walimu tunaipenda subira na tunaifundisha. Lakini yatupasa kusema wazi kwamba subira ya namna hii si fadhila. Kazi ya kampuni si hali ya hewa. Mvua hatukuilipia, intaneti tumeilipia. Kukatika kwa mtandao kwaweza kuwa ajali, na ajali huvumiliwa. Kumlipisha mtu siku ambazo mtandao haukuwapo ni dhuluma, na dhuluma hii inanenepa kwa sababu sisi tunaolipa hatuhesabu wala hatudai. Hilo ndilo tunalotaka kulitetea hapa, na tunaomba mlijadili katika vikundi vyenu bila kutuonea haya.

Tulinunua nini?

Anayenunua intaneti ya nyumbani hanunui upepo. Anafanya mapatano. Kampuni huahidi huduma ya siku 30, naye hulipa kabla ya kuonja hata siku moja. Tafakarini jambo hilo. Seremala hupewa sehemu ya malipo, na salio hutolewa kabati likiisha. Mwashi hulipwa ukuta ukipanda. Mwalimu hulipwa mwezi ukiisha, na mara nyingi mwezi huo umekwisha zamani. Kampuni ya intaneti hulipwa yote mwanzoni, kwa dolari, mkononi, bila mteja kuwa na rehani yoyote isipokuwa imani.

Na siku ya 30 ikifika? Usipolipa, huduma inakatwa usiku uleule. Hapo hakuna fundi aliye njiani, hakuna mvua, hakuna waya uliokatika. Mtambo unajua jina lako, tarehe yako na dakika yako. Basi tunauliza swali jepesi, ambalo kila kijana aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuliuliza: mtambo unaojua kuhesabu kwa dakika siku ya deni langu, unashindwaje kuhesabu siku nilizokosa huduma? Haushindwi. Haujaambiwa ufanye hivyo, kwa kuwa hakuna aliyedai.

Sokoni kwetu Lubumbashi unga wa mahindi hupimwa kwa meka. Kila mama wa nyumba anaijua hila ya meka iliyobonyezwa kitako: kwa nje ni ileile, kwa ndani imepungua viganja viwili. Anayeigundua hasemi «unga umekwenda». Anapaza sauti, wanunuzi wanageuka, na muuzaji yule anabaki na unga wake mpaka jioni. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa zama zake kwa kosa hilohilo la kupunguza kipimo. Kwa nini, basi, kipimo kikiwa cha unga macho yetu yanaona, na kikiwa cha intaneti yanafumba? Sababu ni moja: meka tunaijua tangu utotoni, na kipimo cha intaneti hatukufundishwa. Tuanze kukijua leo.

Kipimo na hila zake

Tangazo lililobandikwa barabarani lasema: «hadi megabiti 10 kwa sekunde». Neno zito hapo si 10. Neno zito ni «hadi». Hadi 10 maana yake ni kwamba mwendo hautapita 10. Tangazo halisemi kamwe utashuka mpaka wapi. Megabiti 1 ni hadi 10. Nusu ya megabiti ni hadi 10. Kwa ulimi wa mjanja, hata sifuri ni hadi 10.

Tena, megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo hata siku ambayo mtandao unakimbia kwa nguvu zake zote, megabiti 10 hushusha megabaiti moja na robo tu kwa sekunde. Kitabu chenye megabaiti 50 kitahitaji sekunde 40. Kikichukua nusu saa, mteja anayeijua hesabu hii hatadanganywa kwamba kompyuta yake imezeeka.

Jambo la tatu ni kugawana. Kampuni hununua uwezo fulani kutoka kwa wenye nyaya kubwa, kisha huugawa kwa nyumba nyingi, ikitegemea kwamba nyumba zote hazitautumia kwa wakati mmoja. Hilo si kosa. Hufanyika duniani kote. Huwa kosa pale wateja wapya wanapoongezwa kila mwezi na uwezo ukabaki uleule. Ndiyo maana usiku wa manane mtandao unakimbia, na baada ya chakula cha jioni, kila nyumba inapoufungua, unatambaa. Mteja wa mwisho kuungwa ameuziwa nafasi katika gari lililokwisha kujaa.

Jambo la nne ni neno «bila kikomo». Someni maandishi madogo yaliyo chini ya karatasi. Mara nyingi mtakuta kwamba ukipita kiasi fulani mwendo unapunguzwa mpaka hauwezi kufungua hata picha moja. Kikomo kipo, kimehamishwa tu kutoka kwenye herufi kubwa kikapelekwa kwenye herufi ndogo.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Kampuni ikijivunia kwamba huduma yake ipo kwa asilimia 99 ya wakati, bado imejiachia saa 7 na dakika 12 za kukatika, na mtu mwenye haki atazivumilia. Tuchukue nyumba inayolipa dolari 50 kwa mwezi, na mtandao ukakosekana siku 6, kwa vipande: siku mbili hapa, nusu siku pale, usiku mmoja na mwingine. Siku 6 kati ya 30 ni sehemu moja ya tano, yaani dolari 10. Nyumba 1,000 zikiwa katika hali hiyo, ni dolari 10,000 za mwezi mmoja zilizolipwa kwa kitu kisichotolewa. Huu ni mfano wa ubaoni, wala hatuisingizii kampuni yoyote kiasi hicho. Lakini mwauona ujanja wa hesabu yenyewe: hakuna mlango uliovunjwa, hakuna aliyepiga mayowe. Kila nyumba imepoteza dolari 10 tu, na kwa dolari 10 mtu haendi mahakamani. Dhuluma iliyokatwa vipande vidogo haimwamshi mtu usingizini.

Majibu tunayopewa

Ipo kampuni moja ambayo tumeilipa kwa muda mrefu, na jina lake tunaliacha. Majibu yake tunayajua kwa moyo kama mwanafunzi anavyojua jedwali la kuzidisha. La kwanza: «Zima mashine, ngoja kidogo, kisha washa.» La pili: «Mafundi wako njiani.» Njia hiyo ni ndefu, mafundi walioanza safari Jumatatu hufika Ijumaa, na wakati mwingine hufika baada ya mtandao kurudi wenyewe. La tatu ndilo linalostahili kuchunguzwa: «Ni tatizo la jumla.»

Yule anayelisema hudhani ametutuliza. Si nyumba yako peke yako, bali ni mtaa mzima. Basi rudi ukapumzike. Tangu lini kosa likawa dogo kwa sababu limetendewa wengi? Muuzaji aliyempunja mama mmoja amemkosea mmoja. Aliyewapunja mia amekosea mara mia. «Tatizo la jumla» lingepaswa kuwa ungamo, nalo linatolewa kama udhuru. Na sisi, tukisikia kwamba jirani naye hana mtandao, tunafarijika kwa siri na kwenda zetu. Faraja hiyo ndiyo inayoilisha kampuni.

Tuwasikilize nao

Haki yatudai tusikilize upande wa pili, kwa maana wana maneno ya kweli. Kuendesha mtandao katika nchi kubwa kama hii ni kazi ngumu. Umeme hukatika, na mnara wenye antena usipokuwa na betri nzuri au jenereta yenye mafuta, unazimika pamoja na mtaa. Mmomonyoko wa udongo, mashine za kutengeneza barabara na wezi wa nyaya hukata fibra optika, zile nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga. Kodi ni nyingi, vifaa hutoka ng'ambo, barabara ni mbaya.

Tena kuna bahari. Nchi yetu iliungwa na waya wa WACS kupitia Muanda mwaka 2013. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ilitegemea setilaiti. Waya huo wapita chini ya Atlantiki, mbele ya mdomo wa mto Kongo, ambapo pana bonde refu lililochimbika chini ya maji. Mwisho wa mwaka 2019 mto ulifurika kupita kiasi. Na Januari 2020 mchanga na matope yaliyorundikana mdomoni mwake yaliporomoka katika bonde hilo, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya bahari, yakakata nyaya njiani. Agosti 2023 maporomoko mengine katika bonde lilelile yalikata nyaya tena, ikabidi meli ya matengenezo iitwayo Léon Thévenin ifunge safari kutoka Cape Town. Mto wetu wenyewe uliukata waya wetu. Nani atamshitaki mto?

Yapo pia makato yaliyotoka kwa binadamu. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kwa amri ya serikali kwa muda wa wiki tatu hivi. Hapo kampuni zilitii amri.

Haya yote tunayakubali. Lakini yapimeni vizuri. Kwanza, makato makubwa ya namna hiyo ni machache, na magazeti huyatangaza. Mtandao uliokatika Jumanne iliyopita katika mtaa wenu haukukatwa na mto Kongo. Huenda ulikatwa na betri iliyokufa juu ya mnara, ambayo kila fundi anajua kwamba imekufa. Pili, anayefanya biashara kando ya mto hujenga akiujua mto. Kampuni yenye njia moja tu ya kutokea imechagua kuweka wateja wake wote juu ya uzi mmoja, ilhali huku kwetu Katanga ipo pia njia ya nyaya inayopita Kasumbalesa kuelekea Zambia. Njia ya pili ni ghali, ndiyo. Na bei tunayolipa si ya chini.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Udhuru huondoa lawama, hauondoi hesabu. Mkulima ambaye mahindi yake yameharibiwa na mvua hana hatia, nasi tunamhurumia. Lakini haji mlangoni kutudai fedha ya mahindi ambayo hakutuletea. Akija kuidai, huruma yetu itageuka kuwa mshangao. Kampuni ina haki ya kutuambia: «Tumepatwa na ajali.» Haina haki ya kuongeza: «Na ajali hiyo mtailipa ninyi.» Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Siku ambazo hazikutolewa ni deni, na mdaiwa hapa si mteja.

Anayeumia ni nani?

Mwenye mali nyingi haumii sana. Ana kampuni mbili nyumbani, moja ikianguka anahamia nyingine. Anayeumia ni nyumba iliyojinyima ili ilipe moja. Ni mwanafunzi wa ISP anayeandaa somo la kesho na ukurasa haufunguki. Ni yule anayetafuta matokeo ya mtihani wa taifa, au anayejaza fomu ya kujiandikisha chuoni. Ni mshonaji anayepokea mitindo na vipimo kutoka kwa wateja walio mbali, na bwana harusi wake hatamngoja.

Tunamfahamu kijana mmoja wa kike, mwenye akili na bidii, aliyeandaa maombi ya msaada wa masomo kwa wiki nyingi. Karatasi zote alikuwa nazo: diploma, barua za walimu, tafsiri zenye mihuri. Siku tatu za mwisho mtandao wa nyumbani kwao ukawa unakuja na kuondoka. Usiku wa mwisho alinunua mega za simu kwa fedha ya chakula cha kesho yake, akaanza kupakia, mega zikaisha katikati, na tarehe ikapita. Mwezi ule nyumba yao ilikuwa imelipa ada kamili. Hakuna aliyewarudishia hata faranga moja, wala hakuna aliyewaambia pole.

Tazameni jinsi mzigo unavyozidi: familia imelipa mara mbili, kwa modemu iliyonyamaza na kwa mega zilizoziba pengo lake, na bado imekosa. Wakati mwingine mega hizo zauzwa na kampuni ileile inayouza intaneti ya nyumbani. Hapo kukatika kwa huduma moja kwageuka kuwa soko la nyingine. Hatusemi kwamba hufanywa makusudi. Tunasema kwamba pale ambapo kampuni haipotezi chochote mteja anapokosa huduma, haina haraka ya kumponya.

Njia tatu za uongo

Katika hali hii wengi wetu hukimbilia njia tatu, nazo zote hazifai.

Njia ya kwanza ni ile subira tuliyoisema, inayojificha nyuma ya methali: mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyepanda mti na anangoja tunda kwa wakati wake. Haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyenunua tunda, akalipa, na akapewa ganda. Wengine huongeza jina la Mungu: «Mungu atasaidia.» Mungu ametupa akili ya kuhesabu na kinywa cha kusema, tusimrudishie kazi aliyotukabidhi sisi.

Njia ya pili ni matusi. Mtu huvumilia wiki mbili, kisha huenda ofisini na kumwaga hasira yote juu ya msichana aliye kaunta. Msichana huyo hakununua betri ya mnara, hakupanga bei, na hana uwezo wa kurudisha hata dolari moja. Tukimtukana tunatoka tumeridhika, na mwenye uamuzi hajasikia neno. Matusi ni zawadi kwa wakubwa, kwa sababu huishia kwa wadogo.

Njia ya tatu ni matabishi. Tunampa fundi kitu kidogo ili apande kwanza juu ya paa letu. Mtandao unarudi kwetu, jirani anabaki gizani, na fundi amejifunza kwamba makato yana faida. Anayefanya hivyo ameongeza kodi mpya juu ya mtaa wake. Vivyo hivyo anayechukua kwa siri mtandao wa jirani kwa kuiba neno lake la siri: mtu anayedai kipimo kamili hana budi kuwa na mikono safi.

Tufanye nini?

Methali moja ya Kiswahili ingepaswa kuandikwa juu ya kila modemu: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nyumba inayolipia intaneti iwe na daftari, na kazi ya kuliandika apewe kijana. Safu nne zatosha: tarehe, saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, jibu la kampuni. Mara moja kwa wiki apime mwendo, asubuhi, mchana na jioni, kwa zana za bure za kupimia mwendo, na aandike namba. Risiti zote zitunzwe katika bahasha moja. Kampuni humjibu kwa urahisi mtu asemaye «kila siku mtandao hakuna», kwa kuwa maneno hayo si kweli kamili. Humjibu kwa shida mtu asemaye: «Mwezi huu saa 131, na hizi hapa tarehe zake.»

Kabla ya kutia sahihi mapatano mapya, ulizeni maswali manne na mdai majibu kwa maandishi. Mwendo wa chini kabisa ni upi? Kikomo kiko wapi? Huduma ikikatika, mtaitengeneza ndani ya saa ngapi? Siku zisizo na huduma zitafidiwaje? Kampuni isiyotaka kuyajibu imekwisha kuyajibu.

Kisha, msidai mmoja mmoja. Kikundi cha vijana 20 kinaweza kukusanya madaftari ya nyumba 20 kwa mwezi mmoja, kuyajumlisha, na kuandika barua moja yenye heshima, yenye hesabu, yenye ombi moja lililo wazi: siku ambazo hazikutolewa ziongezwe katika mwezi ujao au zikatwe katika fakitura. Barua ipelekwe kwa mkurugenzi katika nakala mbili, na nakala yenu itiwe muhuri wa kupokelewa. Asiyekubali kutia muhuri, andikeni jina la ofisi, siku na saa. Hapo msichana wa kaunta anakuwa mpeleka ujumbe, na mwenye uamuzi hawezi kusema hakusikia.

Kampuni ikinyamaza, nchi ina mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, inayojulikana kwa herufi ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Na sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inayoongoza sekta hii yote. Kumlinda mtumiaji ni sehemu ya kazi ya mamlaka hiyo. Tunajua mtakavyosema: Kinshasa ni mbali, na barua hupotea. Barua yenye madaftari 20 haipotei kwa urahisi kama manung'uniko ya watu 20.

Wala msiseme kwamba katika nchi hii hakuna kinachobadilika. Mnamo 2020 serikali ilianzisha rejesta ya vifaa vya mkononi, ile RAM, na salio la simu za wananchi likaanza kukatwa. Kila mtu aliona kwenye simu yake mwenyewe kiasi kinachoondoka. Watu walilalamika, wakaandamana, waziri akahojiwa bungeni, na mwaka 2022 makato hayo yakafutwa. RAM ilianguka kwa sababu kila mmoja aliijua hesabu yake. Dhuluma ya siku zilizokatika haijaanguka kwa sababu hesabu yake bado haijaandikwa.

Maswali mawili ya mwisho

Wapo watakaosema: «Watu hawana maji, ninyi mnalilia intaneti.» Tunalielewa neno hilo, na hatuweki intaneti juu ya maji. Lakini desturi ya kulipa na kutopewa ni moja. Aliyezoea kulipa fakitura ya intaneti bila kuuliza, atalipa na ya bomba kavu bila kuuliza. Atakayejifunza kuuliza kwa moja, atakuwa amejifunza kwa zote. Tena intaneti si tena pambo la matajiri, maadamu shule, vyuo, waajiri na serikali yenyewe wanatuambia kila siku: jazeni fomu mtandaoni.

Wapo pia wanaotazama juu. Starlink, ambayo ARPTC iliipiga marufuku Machi 2024, ilipewa leseni Mei 2025, na wengi wanaitazama kama mkombozi anayeshuka kutoka angani. Ushindani ni mwema, na mwenye uwezo wa kuhama ana haki ya kuhama. Lakini sahani mpya juu ya paa haimfundishi mwenye nyumba kuhesabu. Mteja asiyejua kipimo chake hubadilisha muuzaji tu. Kampuni yoyote, iwe ya mtaani au ya ng'ambo, ya waya au ya setilaiti, yapaswa kukuta katika nyumba zetu mtu mwenye daftari.

Basi, vijana wapenzi, hatuwaiti kwenye vita. Tunawaita kwenye hesabu. Fedha inayolipia intaneti ya nyumbani ni jasho la wazazi wenu: ni mafunda ya vumbi la mgodini, ni miguu iliyosimama sokoni tangu alfajiri, ni sauti ya mwalimu iliyokauka mbele ya wanafunzi 60. Anayeipokea fedha hiyo na kutoa nusu ya alichoahidi, aombwe nusu iliyobaki, kwa adabu, kwa maandishi, na bila kuchoka. Kila kikundi na kichague nyumba zake juma hili, na kigawe madaftari kabla ya tarehe mosi ijayo. Mwezi ukiisha, yaletwe na yajumlishwe mbele ya wote.